Boya la Imrich

Habari mbaya huandikwa kwenye gazeti chini ya injini:
asubuhi ya tatu mfululizo, doa limekaa
juu ya bei za viazi za soko la Levoča,
pana kama sahani, kiini chake cha njano,
na gereji nzima inanuka makoti ya kaka yangu.

Ondrej wa jirani kapita na ndoo ya majivu.
"Koki hiyo," kasema, bila kuinama.
Wasioinama hawakosi majibu.

Mimi nikapiga magoti. Miaka thelathini na moja
nimepeleka barua kwenye milango ya watu, najua:
anwani iliyosomwa haraka
ndiyo inayokurudisha na mfuko mzito.
Tone huanguka pale linapochoka,
si pale lilipozaliwa.

Nikapangusa kila kitu, tangi mpaka kifuniko cha kluchi,
mafuta ya miaka yakatoka na kitambaa kama ugoro.
Nikaponda chaki, nikaipaka vumbi lake
kwenye koki, kwenye mpira, kwenye mshono wa kabureta,
kama ninayetaka kusukuma donge la unga.
Nikafungua petroli. Nikaketi juu ya kreti.

Koki, kavu.
Mpira una mikunjo ya shingo yangu, lakini mkavu.
Dakika ya nne, pembeni ya kile kitufe
ambacho Imrich alikibonyeza kwa gumba kabla ya kuwasha,
mara mbili, akisema, "Kunywa, binti, safari ndefu,"
chaki ikaingia kijivu, ikawa uji,
ikadondoka.

Bakuli linafurika, basi.
Mwenye kazi ya kusema "inatosha" hasemi.
Ni sindano, au ni boya.

Sindano nikaipeleka dirishani: ncha nzima, haina pete.
Nikaibana kitini kwa kidole, nikapuliza kwa mdomo;
pumzi ikagoma kupita, na ladha ile
ikakaa ulimini hadi supu ya jioni.

Likabaki boya. Kijingoma cha shaba,
kinapaswa kuwa chepesi kama mayai ya Pasaka
tuliyoyatoboa utotoni, yeye akipuliza, mimi nikikinga bakuli.
Nikalitikisa sikioni.
Chwi.
Tena, polepole. Chwi.

Ewe mdanganyifu wa shaba!
Nje huna hata jasho.

Hivyo ndivyo alivyoketi jikoni kwangu majira yale ya baridi,
akipumzika kila ngazi ya tatu, akisema ni mwepesi tu,
hajala. Daktari wa Poprad akaweka sikio mgongoni pake,
akasikia maji.
Nami wiki sita nilikuwa nimesema, "Sigara hizo,"
nikiwa wima, mfuko begani,
barua za watu zikiningoja.

Nikachemsha maji, nikayabeba hadi uani,
mbali na jiko, mbali na gereji, theluji ikiuma visigino,
nikalizamisha boya kwa uma.
Vipovu vikapanda kimoja kimoja kutoka kwenye mshono,
vidogo, vyenye adabu,
kama watu wanaotoka kanisani kabla ya sadaka.
Tundu lenyewe sikuliona hata kwa miwani.
Nikalizungushia penseli mahali pake.

Sitalehemu leo. Petroli iliyojificha ndani ya shaba
haipelekewi moto, hata uwe na haraka gani.
Nimeliweka kwenye kibaraza cha nyuma, alama ikitazama chini,
litoe ilichokunywa kwa wakati wake.
Nitalitikisa kesho, na kesho kutwa,
na siku litakaponyamaza nitawasha chuma.

Gazeti jipya nimelitandika, ingawa hakuna cha kudondoka.
Mazoea.
Ondrej akirudi na ndoo yake, akauliza,
nitamwambia ilikuwa koki.